Unaanza pikipiki? Jifunze kusimama, kuondoka kila mtu anajua

Huku kwetu mtu anafundishwa pikipiki na mshkaji wake jioni moja kwenye kiwanja cha mpira, hii klachi, hii gia, hapa mafuta, achia taratibu, akishaondoka mara mbili tatu bila kuzimika anaambiwa umeiva nenda barabarani. Na ni kweli kuondoka anajua. Kusimama ndo hajui, hajafundishwa na mtu, siku daladala inamchomekea karibu na kituo ndo anajaribu kusimama kwa nguvu kwa mara ya kwanza maishani na anajaribia hapohapo akiwa spidi 60. Kwa hiyo haya naandika kwa anayeanza kabisa, awe anataka ya kwendea kazini, awe dada aliyechoka kugombania siti Kimara asubuhi, awe dogo anayetaka kuingia kijiweni kwa bodaboda baadae.

Pikipiki yenyewe kwanza. Usianze na dude kubwa ati kwa sababu linapendeza. Injini ya cc 100 mpaka 150 inakutosha, Boxer, TVS HLX, Honda ACE, hizi zipo kila kona na spea zake unazipata mpaka kijijini, uzito ni kama kilo 110 mpaka 130 hivi, ikikulalia unainyanyua mwenyewe. Kaa juu yake ikiwa imezima, shusha miguu, kama unaning'inia vidole tu basi hiyo sio yako kwa sasa. Afu uliza gia zinaingiaje, watu wanapuuzia hili. Kuna pikipiki gia zote ni za kukanyaga mbele, na kuna ambazo namba moja ni chini, zinazofuata unanyanyua juu. Ukizoea ya mshkaji afu ukanunua ya aina nyingine, siku umechanganyikiwa unadhani unaongeza gia kumbe unapunguza, na ukipunguza ghafla ukiwa spidi tairi la nyuma linajifunga. Ukinunua iliyotumika, namba ya injini na ya chesesi zilingane na kadi, ukikuta zimepigwa msasa ondoka hata kama bei inavutia.

Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki, niseme hili mana wapo wenye magari wanaoamini vingine. Pikipiki ina daraja lake, A. Unachukua lena, yani leseni ya anayejifunza, unajifunza chuoni (VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wanafundisha, na shule za udereva zipo), polisi wanakutahini, leseni unaipata TRA, mamlaka ya mapato. Na bima iwe hai. Ukigonga mtu bila leseni ya daraja husika, usitegemee bima ikubebe.

Elementi sasa, yani helmeti, kofia ngumu ya pikipiki. WHO, shirika la afya duniani, waliwahi kuandika kwamba elementi ikivaliwa inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 69, ila hapo ni elementi ya kweli na imefungwa mkanda, sio ile inayoning'inia kwenye taa au imewekwa kichwani kama kofia ya sherehe kwa ajili ya trafiki. Ukienda dukani fanya hivi: vaa, funga mkanda, vidole viwili tu ndo vipite kati ya mkanda na kidevu. Halafu mwambie muuzaji aishike kwa nyuma chini aisukume kuja mbele, kama inakuvuka kichwani usiinunue, hata kwenye ajali itavuka hivohivo. Tikisa kichwa kulia kushoto, ngozi ya mashavu itembee nayo. Afu funua kitambaa uangalie ndani, lazima kuwe na lile povu gumu ambalo tivii mpya inakuja nalo kwenye boksi, hilo ndo linabonyea badala ya fuvu lako, sponji laini peke yake haizuii kitu. Nyingi nzuri zina alama ya herufi E kwenye duara na namba pembeni, na zimeandikwa 22.05 au 22.06. Lakini stika hata Kariakoo inachapishwa, kwa hiyo usinunue stika, angalia na povu. Ikishapiga chini kwa nguvu na kichwa kikiwa ndani hiyo kazi yake imeisha, badilisha, hata kama kwa nje inang'aa. Kioo chake kiwe cheupe, hivi vyeusi ukivitumia usiku ni kujitafutia.

Nguo ni kutumia akili tu. Kiatu cha kufunika kifundo, sio yeboyebo. Suruali nzito, koti la mikono mirefu hata kama Dar kuna joto, na glavu, mana mtu akianguka kitu cha kwanza anatanguliza viganja. Kwa akina mama na dada zetu, khanga, mtandio na baibui vikunjwe vikaliwe kabisa, na wanaume koti la mvua lifungwe, kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoki kinavuta mpaka mwisho, hakisubiri useme simama. Kava la cheni usikubali fundi alitoe ati linapiga kelele. Na ekzosi kwa pikipiki nyingi za huku ipo upande wa kulia, panda na shuka kushoto, na mfundishe kila unayempakia. Tazama miguu ya watu wa kijiweni, lile kovu la duara kwenye shavu la mguu wa kulia ni ekzosi hiyo.

Kabla hujawasha asubuhi zunguka dakika moja. Upepo: kwa 125 na 150 nyingi mbele ni kama psi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukipakia, lakini soma stika au kitabu cha pikipiki yako usisikilize mtu wa pampu, yeye anajaza mpaka tairi ligeuke jiwe. Cheni ikichezea kama sentimita 2 mpaka 3 juu chini ipo sawa. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu. Kama fundi amekaza cheni jana basi jaribu breki ya nyuma kabla hujatoka getini, kwa sababu akivuta tairi nyuma na ule mtaimbo wa breki unabadilika, unaweza kukuta breki imekaza sana au haipo.

Kiwanjani, klachi. Hapa sikai sana. Washa, ingiza namba moja, miguu yote chini, usiguse mafuta, achia klachi kidogo kidogo mpaka uhisi pikipiki inataka kwenda, hapohapo rudisha. Fanya hivo mpaka mkono wa kushoto ujue wenyewe klachi inashikia wapi, haina haja ya kufikiri. Ukishaijua ndo unatembea nayo miguu ikiwa inaburuza, afu ndo unapandisha miguu. Ukiona mambo yanaharibika, mkono wa kushoto uvute klachi yote, pikipiki haiwezi tena kukukimbiza hata kama mkono wa kulia umeganda kwenye mafuta. Wengi wanaoingia ukutani siku ya kwanza ni kwamba wameshtuka, wamekaza mikono, na kukaza mkono wa kulia ndo kuongeza mafuta. Kwa hiyo kabla ya yote ujue kuvuta klachi.

Breki ndo nataka tukae hapa.

Kuna imani mtaani kwamba breki ya mbele inapindua mtu. Utaikuta kwa waendeshaji wa siku nyingi kabisa, utakuta pikipiki kibao mjini mkono wa breki ya mbele umelegea mpaka unagusa mpini na mwenyewe hana habari, kila kitu anafanya na mguu. Sasa sikiliza kinachotokea. Ukishika breki uzito wote, wako na wa pikipiki, unakimbilia mbele, shokapu za mbele zinazama, tairi la mbele linakandamizwa chini na linashika barabara zaidi, huku la nyuma linakuwa jepesi. Tairi jepesi ukilipiga breki linajifunga na kuserereka. Ndo mana mtu anayetumia mguu peke yake unasikia kriiiii, mstari mweusi mrefu, na bado anagonga. Kwenye lami kavu breki ya mbele inaweza kufanya kama asilimia 70 ya kazi ya kukusimamisha, sasa wewe umeiacha umebaki na 30.

Kinachopindua watu ni kuikwapua. Mtu ameshtuka, anaikamata yote kwa mara moja kabla uzito haujafika mbele, au anaikamata akiwa amekunja mpini kwenye kona, au juu ya mchanga. Hapo lazima uende chini. Namna yake ni kuibana, unaanza kwa kugusa, unahisi mbele panazama, halafu unaongeza nguvu, na unaongeza, yani ni mwendo wa kama sekunde moja kutoka kugusa mpaka kubana sana. Mguu wa kulia unasaidia nyuma lakini kwa upole. Mpini umenyooka. Macho mbele mbali, usitazame tairi wala kitu unachokiogopa. Klachi unavuta mwishoni karibu unasimama ili usizimike.

Fanya mazoezi kiwanja chenye lami au zege, hata parking ya kanisa siku ambayo hamna ibada ukiomba vizuri wanakuruhusu. Weka jiwe au chupa kama alama, njoo na spidi 20, ukifika alama anza kubana, hesabu hatua mpaka ulipoishia. Mguu peke yake kwanza, kisha mkono peke yake, kisha vyote. Ukiona tofauti kwa macho yako huhitaji tena mtu wa kukushawishi. Panda 30, panda 40, siku tofauti. Nyuma ikijifunga ukiwa umenyooka legeza mguu taratibu. Mbele ikijifunga achia hapohapo, hapohapo, halafu bana upya kwa upole.

Na utagundua kitu kingine humo humo kiwanjani, spidi ikiongezeka mara mbili hatua hazizidi mara mbili, zinazidi mara nne. Kama kwa 30 ulisimama kwa mita 6 basi kwa 60 andaa kama 24. Hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo ukiwa 60 umeshatembea kama mita 17 hujafanya kitu bado. Zijumlishe uone unahitaji nafasi gani nyuma ya lori, afu kaangalie watu wanavokaa nyuma ya malori Mandela Road.

Kona. Punguza spidi ukiwa bado umenyooka, ingia na mafuta kidogo yaleyale, tazama unakotokea. Macho yakitazama mtaro unaenda mtaroni, sijui kwa nini mwili umeumbwa hivo lakini ndo ulivo. Na kuna jambo linalowachanganya watu, ukiwa na mwendo, tuseme kuanzia 30 kwenda juu, ukitaka kwenda kushoto unasukuma mpini wa kushoto mbele kidogo na pikipiki inalala kushoto yenyewe. Jaribu taratibu kwenye barabara tupu utaona. Ukilijua hili hata shimo la ghafla unalikwepa bila kupapatika. Kwa mwendo wa kutambaa kwenye foleni ni tofauti, hapo unakunja mpini kawaida, klachi nusu, mguu wa kulia umegusa breki ya nyuma, kichwa kimegeuka kule unakotaka. Chora nane uwanjani mpaka uchoke.

Barabarani anza Jumapili asubuhi mapema, mtaa unaoujua, bila abiria, bila mvua, bila simu. Wiki za mwanzo usiende kokote ambako hujawahi kupita kwa gari au kwa miguu. Usijibane pembeni kabisa mwa lami, najua utaona ndo usalama lakini kule ndo kuna mchanga, vipande vya chupa, watu wanaoshuka daladala na mabajaji yanayochungulia, na magari yakikuona umejibana yanakupita hapohapo kwa kukugusa bega. Kaa ndani kidogo ya njia yako uonekane. Na aliye mbele yako akipita nguzo au alama yoyote hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, kama umefika kabla hujamaliza umemkaribia sana. Mvua ikinyesha hesabu mpaka nne.

Daladala iliyosimama uichukulie kama mlango unaofunguka muda wowote, itaondoka bila indiketa na kondakta atakuwa anapiga bodi huku anakutazama. Lori usikae ubavuni mwake hasa kushoto kwenye makutano, kama wewe huoni uso wa dereva kwenye kioo chake basi na yeye hakuoni, akikata kona lile tela la nyuma linafuata njia fupi kuliko kichwa na linakufuta. Njia ya mwendokasi, ile ya mabasi yaendayo haraka, usiingie hata kama foleni imefika wapi na hata kama umeona wengine ishirini wameingia. Basi lile linakuja kwa kasi na halina pa kukukwepea, kingo zipo pande zote, na nawe huna pa kutokea.

Matuta na rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) punguza mapema kabla hujazifikia, ukifika juu yake achia breki ili shokapu zifanye kazi. Mvua, zile dakika za mwanzo ndo mbaya kuliko mvua yenyewe, oili na vumbi la siku zote vinaelea juu ya lami, Machi masika yakianza utaona watu wanavolala chini asubuhi moja. Rangi nyeupe za zebra na mifuniko ya chuma vikilowa ni sabuni, vipite umenyooka bila kugusa breki. Reli ikatize kwa pembe kama ya msalaba, usiipite kwa kuambaa nayo tairi litaingia. Mchanga ukikukuta ghafla usipige breki ya mbele, achia mafuta, mikono ilegee, iache pikipiki icheze chini yako itanyooka yenyewe.

Barabara kuu za mikoani nakushauri uzisubiri miezi, na ukienda nenda mchana. Basi linaloovateki likija upande wako linakupiga taa full, halikusalimii, linakwambia toka. Una haki lakini toka, haki utaidai ukiwa hai. Kwa hiyo muda wote ujue pembeni yako kukoje, lami imekatika kwa kimo gani, ukishuka shuka umenyooka na mafuta yameachiwa, na kurudi juu usirudi kwa kuambaa na ule mkato, punguza kabisa ndo upande. Likikupita karibu upepo wake unakusukuma kisha unakuvuta, shika mpini imara ila usikaze viwiko. Ukikuta matawi ya miti yametandikwa barabarani ujue mbele kuna gari bovu limelala na pengine halina hata rifleta, usiku punguza hapohapo, usisubiri ulione.

Taa iwashe hata mchana. Magari hayatafuti pikipiki kwenye kioo, yanatafuta magari, taa inasaidia kidogo wakuone.

Abiria ni jambo la mwisho kabisa kulifanya, na liwe ni baada ya kujirudia mazoezi ya breki ukiwa na mtu nyuma, palepale kiwanjani, na mtu huyo awe mzito kuliko wewe kama unaweza kumpata mwenye moyo huo. Utashangaa. Mbele panakuwa pepesi, mpini unacheza ukiondoka, na umbali wa kusimama unarefuka. Ongeza upepo wa nyuma. Mwambie apande kushoto baada ya wewe kusema tayari, akanyage pedeli zake asishushe miguu mkisimama, ashike kiuno au keria, kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnaokunja, asijikunje upande wa pili kwa woga. Na mishikaki, yani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hapana, hata kama ni watoto wawili na shule ni hapo tu. Abiria naye ana elementi yake. Wengi wanaikataa kwa sababu ya jasho la watu, wana haki, weka vitambaa safi vya kuvaa ndani, au anunue yake awe anatembea nayo.

Mkianguka au ukimkuta aliyeanguka, zuia magari kwanza kabla hujainama kwa majeruhi, weka matawi, weka mtu wa kupunga shati mbali kidogo. Piga 112. Elementi usimvue kama anapumua vizuri, mfungulie kioo tu, shingo ikiwa imeumia kule kuvutavuta ndo kunammaliza. Usimkalishe, usimpe maji, usimbebe mshikaki kwenye pikipiki nyingine kumkimbiza hospitali, tafuta gari alale ubapa, mmoja ashike kichwa na shingo visicheze mpaka mfike, na kadi ya pikipiki na simu yake akabidhiwe mtu mmoja anayejulikana kabla umati haujajaa.